Kazi Sina, Najishikiza Tu

Mimi na Mama Pacha tunapanga chumba kimoja cha biashara, mlango wake unatazama barabara. Upande wa mlangoni niko mimi na cherehani yangu, kwa sababu mwenye kuhitaji mwanga wa kutunga uzi ni mimi. Upande wa ndani yuko yeye na kioo chake, viti viwili vya wateja na beseni la kuoshea nywele. Katikati tulitundika pazia, na halijawahi kufungwa hata siku moja, maana tungelifunga tungesikiaje ya upande wa pili. Yeye msusi, mimi fundi. Mlangoni pale nimekaa miaka kumi na tisa, kumi na mmoja nikiwa naye, na katika muda wote huo tumegombana ugomvi wa maana mara moja tu. Ugomvi wenyewe uliletwa na chuo kikuu.

Siku aliyotuambia amepata nafasi ya chuo, alikuwa amemshika mteja kichwa, nusu kimesukwa, nusu bado. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na wale pacha wake walikuwa darasa la pili. Akasema kama mtu anayetaja bei ya sabuni, "Nimechaguliwa kusoma sosholojia."

"Hiyo ni ya macho au ya mifupa?" mteja akauliza akiwa ameinamisha shingo.

"Si ya kutibu. Ni ya kusoma watu wanavyoishi, nani anamtegemea nani, kwa nini huyu yuko juu na huyu yuko chini."

"Ah," mteja akasema. "Mbona hiyo unaijua tayari."

Tulicheka mpaka nikashona mshono kombo. Mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache, alipoulizwa mtaani mkewe anasomea nini alijibu, "Umbea wenye cheti." Maneno hayo yalienea siku hiyohiyo. Lakini tusimwonee bure. Ndiye aliyekuwa anawaogesha pacha na kuwapeleka shule kila asubuhi miaka yote mkewe akiwa darasani, kwa hiyo utani wake tulimsamehe.

Mimi nilimwambia ukweli wangu, maana sina mdomo wa kuzunguka. "Mwenzangu, umri umekwenda. Wenzako darasani watakuwa watoto wa kuwazaa."

"Fundi," akaniambia, "kuzeeka nitazeeka tu. Bora nizeeke nimesoma."

Nikaendelea na pindo langu.

Asubuhi alikuwa chuoni, mchana vichwani. Vitabu alivipanga chini ya kioo, pamoja na machanuo na makopo ya mafuta, na mteja akiwa amekaa anasubiri nywele zikauke, Mama Pacha alikuwa anasoma huku anasogeza midomo. Akikutana na jambo lililomvutia hakulimeza peke yake, alilileta kwetu. Siku moja aliwauliza wateja watatu mfululizo kama kwao wanaoana ndani ya ukoo au nje. Mmoja akadhani anamtafutia mume, akaanza kutaja sifa anazozitaka. Siku nyingine alinigeukia mimi.

"Fundi, wewe na mimi ni tabaka gani?"

"Sisi ni tabaka la chini ya bati," nikasema, kwa sababu lilikuwa jua la saa nane na paa letu halina dari.

Akacheka, lakini akaliandika. Alikuwa na daftari dogo la kuandika mambo tunayosema, na mwanzoni lilinikera. Baadaye nikaona kwamba kuna maneno yangu ambayo nisingeyakumbuka kama si yeye.

Kozi ya miaka mitatu ilimchukua mitano. Mwaka mmoja aliahirisha masomo kumuuguza mama mkwe, akawa anamgeuza na kumwosha mpaka yule mama alipofariki mikononi mwake. Mwaka mwingine takwimu ilimkalisha chini, akairudia yote. Kwa hiyo ule mwaka wa tano chuo kilimpa barua ambayo aliniletea niisome ingawa yeye ndiye msomi. Ilisema muda wake unaisha. Kama tasnifu ya mwisho haitapita, jina lake litafutwa, na hatapewa cheti cha aina yoyote, hata cha kusema alipita hapo. Miaka mitano yote ingebaki hadithi ya mtaani.

Tasnifu hiyo alisimamiwa na mhadhiri ambaye wanafunzi walimwita Dakta Kipengele. Ukimuuliza swali lolote, hata kama choo kiko wapi, alikujibu, "Angalia kipengele." Huyu bwana alikuwa na utafiti wake mkubwa juu ya wanawake na kazi katika kaya za mjini, akawagawia wanafunzi wake tisa, kila mmoja mtaa wake. Akawatungia dodoso moja wote, kurasa sita za maswali na visanduku vya kuweka alama. Mama Pacha akapewa mtaa wetu.

Swali la saba la dodoso lile liliandikwa hivi: Je, unafanya kazi? Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Na mbele ya Hapana pamechorwa mshale: ruka, nenda swali la kumi na tisa. Katikati hapo ndipo palikuwa na maswali yote ya kazi yenyewe, kazi gani, umeanza lini, saa ngapi kwa siku, nani alikufundisha, unamfundisha nani. Ukisema hapana, unarushwa mpaka kwenye idadi ya vyumba vya nyumba.

Alianza na wanawake arobaini, wengi wao wateja wake. Wa arobaini nilikuwa mimi, kwa sababu mtu wa karibu ndiye anayewekwa mwisho. Nilikuwa nashona mashati ya sare za shule, mguu uko kwenye pedali, pini nne ziko midomoni. Mama Pacha akakaa kwenye kiti cha wateja, karatasi juu ya goti, akaniwekea sauti ya ofisini.

"Mhojiwa, je, unafanya kazi?"

Nikatoa pini. "Kazi nitoe wapi, mama? Najishikiza tu."

Nikarudisha pini, nikakanyaga pedali. Yeye akaweka alama, akageuza ukurasa, akaniuliza nina vyumba vingapi. Mkono mmoja wa shati haujaisha, mahojiano yakawa yamekwisha.

Sasa, mimi nina tabia yangu. Karatasi za Mama Pacha zilizokwisha kazi huwa nachukua nakatia ruwaza za nguo. Notisi zake za mwaka wa kwanza zilitoa kola nyingi nzuri sana. Naweza kusema nadharia zote za sosholojia zimeshapita shingoni mwa watoto wa mtaa wetu. Basi siku mbili baada ya mahojiano nikanyoosha mkono kwenye rafu, nikavuta karatasi ya juu, nikailaza mezani, mkasi mkononi, na kabla sijakata nikaona mwandiko wake. Mhojiwa wa 40. Mwanamke, miaka 44. Anafanya kazi: Hapana. Na swali la nane mpaka la kumi na nane, yote, yamepitiwa na mstari mmoja wa kalamu.

Nilisoma mara mbili. Hasira ikanipanda.

"Mama Pacha, hii ni nini?"

Akageuka na chanuo mkononi. "Ni dodoso lako. Usilikate, tafadhali, hilo linakwenda chuoni."

"Linakwenda chuoni kusema mimi sina kazi?"

"Umesema mwenyewe, Fundi."

"Nimesema najishikiza."

"Hakuna kisanduku cha najishikiza."

"Una macho au una vifungo?" nikamuuliza. "Miaka kumi na mmoja unakaa na mimi hapa. Mguu wangu unauona uko wapi tangu asubuhi mpaka jioni. Gauni ulilovaa hilo limeshonwa na nani, asiye na kazi?"

"Tumefundishwa tuandike anachosema mhojiwa. Tusiandike tunachokiona sisi."

"Basi hicho chuo kimekupofusha. Ulipokuwa hujasoma ulikuwa unaona."

Neno hilo lilimchoma, nililiona likimwingia, na nilitaka limchome. Mteja aliyekuwa kitini alitamani kutoka lakini nywele zake zilikuwa mkononi mwa mtu. Kwa siku tatu hatukusemeshana. Jaribu wewe kununiana na mtu katika chumba cha hatua saba. Tukawa tunatuma wateja. "Mwambie fundi aniazime pasi." "Mwambie huyo msomi, mtu asiye na kazi pasi ya nini." Wateja wenyewe walianza kuja kwa wingi, hata wale ambao nywele zao hazikuhitaji chochote.

Siku ya nne nilifika na ufunguo nikamkuta ameshawahi, amekaa sakafuni, madodoso yote arobaini ameyatandaza mpaka chini ya cherehani. Sikumsalimu. Akaanza kusoma kwa sauti, bila kuniangalia.

"Wa tatu, yule anayefua nguo za nyumba nne. Amesema, nipo tu. Nimeandika hapana. Wa kumi na moja, muuza mboga. Amesema, nahangaika tu. Hapana. Wa ishirini na mbili, mwenye kuku mia tatu. Nipo tu nyumbani. Hapana." Akaweka karatasi chini. "Thelathini na mmoja, Fundi. Katika arobaini, thelathini na mmoja nimewapiga mstari. Na wote nimewasuka mimi. Huyu wa tatu nilimsuka mikono yake ikiwa bado imekunjamana kwa maji."

Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Hasira ilikuwepo bado, lakini ilianza kukosa pa kukaa.

"Nisamehe," akasema. "Nilikusikia vizuri, nikakuelewa vibaya."

"Nimeshakusamehe tangu jana," nikasema, "ila nilikuwa nakukomoa."

Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi kwa namna ambayo mimi, nisiyejua hata takwimu ni mnyama gani, nilimwonea fahari. Alisema neno kazi limekaa vibaya. Kwa wanawake wale kazi ni ofisi, ni bosi, ni kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Usiwaulize kama wanafanya kazi. Waulize jana, tangu walipoamka mpaka walipolala, walifanya nini, halafu kaa kimya uandike. Akaamua kurudi kwa walewale arobaini, mmoja mmoja, na swali hilo jipya. Hakuyatupa yale ya zamani. Kila dodoso jipya alilibana na la zamani la mtu huyohuyo, na pini nilimpa mimi, pakiti nzima.

Ilimchukua wiki tatu. Zamu yangu ilipofika alikaa kitini pale pale, akaniuliza jana yangu, nikajibu kwa kiburi tu, nimwonyeshe kazi yangu ilivyo. Kurasa mbili zikajaa mbele na nyuma, akaniomba nipunguze mwendo.

Msimamizi wake hakufurahi hata kidogo. Mama Pacha aliporudi kutoka ofisini kwake alinisimulia yote akiigiza na sauti.

"Umebadilisha kifaa cha utafiti bila idhini. Wenzako wanane wameuliza swali moja, wewe umeuliza jingine. Nitalinganishaje?"

"Daktari, swali lile wanawake wale hawalisikii kama unavyolisikia wewe."

"Swali liko wazi."

"Liko wazi kwa aliyeliandika."

Alimjibu hivyo hivyo, na mimi namwamini, kwa sababu namjua. Yule bwana akavua miwani, akampa njia ya mkato. Zile arobaini za kwanza zipo, zimejazwa kwa utaratibu. Aandike kwa hizo, asitaje nyingine, atapita na atamaliza. Akishupaa na hizi za pili, atakwenda kujitetea mbele ya jopo, na yeye msimamizi atasema analoliona.

Jioni ile mumewe alipita dukani na begi lake la spana. Akasema, "Pita kwanza. Ukweli utausema ukiwa na cheti mkononi." Maneno ya mtu mzima, na mimi nikayaunga mkono. Nilimwambia Mama Pacha, "Mimi nilikasirika na imekwisha. Niandike sina kazi, mpe mtu wako anachotaka, jina lako lisifutwe."

"Nikuandike uongo kwa mkono wangu?"

"Si nilisema mwenyewe?"

Alinitazama mpaka nikaanza kutafuta mkasi niliokuwa nimeushika. Kisha akasema kwa upole, na kwa mumewe pia, "Miaka mitano nasomea kuwasikiliza watu. Nikipita kwa kutowasikiliza, cheti hicho kitakuwa cha nini? Nakwenda mbele ya jopo na zote themanini." Mumewe akainua begi lake. Akasema basi asubuhi ya jopo atafunga kazi awapeleke pacha shule mapema, mkewe asichelewe.

Suti ya siku hiyo nilimshonea mimi, ya bluu nzito, nikaweka mifuko miwili mikubwa, kwa sababu mtu asipokuwa na pa kuweka mikono hutetemeka. Utetezi wa pale ni wazi, yeyote anaweza kukaa nyuma akasikiliza. Nikafunga cherehani siku ya kazi, jambo ambalo silifanyi, nikaenda.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha kawaida chenye feni mbili, moja inafanya kazi. Mbele meza ndefu na watu watatu: mkuu wa idara, Dakta Kipengele, na mtahini aliyealikwa kutoka chuo kingine, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba na kalamu nyekundu. Nyuma tulikuwa wanafunzi wachache na mimi. Mama Pacha akasimama, mikono mifukoni, akaanza, na haki ya nani hakutetemeka. Alieleza swali la saba, akaeleza mshale, akaeleza kilichorukwa. Wanawake arobaini, swali la kwanza: wasio na kazi thelathini na mmoja. Wanawake walewale, swali la pili: wasiofanya kazi wawili.

"Hao wawili ni akina nani?" mtahini akauliza.

"Mmoja alikuwa amelazwa hospitalini. Mwingine alikuwa na siku tatu tangu ajifungue."

"Huyo wa kujifungua ndiye unayeniambia hakufanya kazi?"

Ukumbi ukacheka. Mama Pacha akachukua kalamu, akasahihisha karatasi yake hapo hapo. "Basi mmoja," akasema, na mtahini akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Zamu ya msimamizi ilipofika kicheko kiliisha. Alisema amefanya utafiti miaka ishirini na hajawahi kuona mwanafunzi anarudi kwa watu arobaini na kuwapata wote arobaini, hakuna aliyehama, hakuna aliyekataa. "Uliwapataje?"

"Nawasuka, Daktari. Kichwa kinarudi kila baada ya wiki tatu."

Watu walitaka kucheka tena lakini yeye hakucheka. Alifungua tasnifu mahali alipoweka alama. "Mhojiwa wa arobaini, fundi cherehani. Mara ya kwanza hana kazi. Mara ya pili kurasa mbili mbele na nyuma. Waheshimiwa, mimi naona data hii imepikwa."

Hata mimi nilijua uzito wa neno hilo. Kufeli ni jambo moja, kupika data ni jingine. Kwa hilo mtu hafutwi jina tu, anafukuzwa.

"Tupe jina na simu ya mhojiwa huyu," akasema. "Tumpigie sasa hivi. Akithibitisha, nafunga mdomo."

Mama Pacha alijua niko wapi. Nilikuwa hatua kumi nyuma yake, nimekaa na mkoba mapajani. Hakugeuka hata shingo.

"Siwezi kumtaja," akasema. "Ukurasa wa kwanza wa dodoso umeandikwa kwamba jina la mhojiwa halitatajwa kwa yeyote. Niliwasomea sentensi hiyo wote arobaini. Ni kipengele cha pili, Daktari."

"Basi jopo litaamua bila uthibitisho."

"Naomba liamue."

Nitasema kilichokuwa moyoni mwangu, sitakificha. Niliona aibu. Kusimama pale ni kuwaambia wasomi wote wale kwamba mimi, mwenye mdomo mtaa mzima unaujua, niliulizwa kama nina kazi nikajibu sina. Nilijiambia labda watamwelewa tu. Halafu nikaona mikono yake ndani ya ile mifuko, imekunjwa ngumi mpaka kitambaa kimevimba. Nikasimama.

"Shikamoo mama," nikamwambia mtahini. "Wa arobaini ni mimi."

Mama Pacha akageuka. "Fundi, si lazima."

"Nyamaza wewe. Siri ni yangu, si yako."

Dakta Kipengele akaegemea kiti. "Wewe na mtafiti mnajuana?"

"Tunapanga chumba kimoja cha biashara."

"Kwa hiyo ni rafiki yako."

"Sana. Na aliniandika sina kazi, tukanuniana siku tatu, muulize mteja yeyote. Kama ni rafiki wa kunipikia data, kwa nini asingeanza kunipikia mara ya kwanza?"

Mkuu wa idara akainama kama anayetafuta kitu chini ya meza. Mtahini aliinua mkono, akanikaribisha mbele kwa upole. "Mtaani wanakuitaje?"

"Fundi. Watoto, wazee, wote. Jina langu wengine hawalijui."

"Na swali la saba ulijibu huna kazi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Mimi jibu halinipotei. Siku hiyo lilinipotea. Nilitafuta la kuchekesha, sikupata. Kila mtu alikuwa ananingoja, na yule mama hakuwa ananihukumu, alikuwa anataka kujua kweli.

"Kazi watu hupewa," nikasema mwisho. "Mume wangu alipopewa yake alikuja nyumbani na barua, tukaisoma wote. Mimi hii nilijipa mwenyewe. Hakuna aliyeniandikia barua. Nikadhani ya kujipa haihesabiki."

Mtahini aliiweka kalamu nyekundu chini. Dakta Kipengele alikuwa anaandika, na nilipokuwa narudi kitini nikaona anaandika maneno yangu, yote, mpaka la mwisho.

Walitutoa nje robo saa, tukakaa kwenye benchi la korido. Kisha wakamwita. Amefaulu, kwa marekebisho. Rekebisho lilikuwa moja: habari ya swali la saba, ambayo kwenye maandishi aliiweka kiambatishoni ili asizidi kumchokoza msimamizi, iletwe mbele, iwe sura ya kwanza. Na Dakta Kipengele, nampa haki yake, alimpa mkono mbele ya wote, akamwomba akae na wenzake wanane wiki ijayo kabla hawajaandika chochote. Mama Pacha alitoka hapo akiwa amenyooka, akafika kwenye korido akanikumbatia akalia kwa sauti. Nami nililia, ingawa nilikuwa namwambia aangalie mkono wa suti.

Neno lile marekebisho lilinikaa kichwani usiku kucha. Asubuhi yake, kabla ya kufungua, nilikwenda shuleni kwa binti yangu, aliye kidato cha nne. Kila mwaka tunajaza fomu ya taarifa za mzazi: jina la mama, simu ya mama, kazi ya mama. Nilimwambia katibu wa shule kwamba fomu ya binti yangu ina kosa na nataka kulirekebisha. Akatoa faili, akanisogezea mezani.

Fomu zilikuwa nne. Tatu za juu nilizijaza mimi. Kazi ya mama: Hana. Kazi ya mama: Hana. Kazi ya mama: Hana. Sikushangaa, nilizitarajia. Nikafika ya chini, ya kidato cha kwanza. Hiyo aliijaza binti yangu mwenyewe kwa mwandiko wake wa duara, maana mwaka ule mimi nilikuwa na sare nyingi, na nilivyokumbuka nilisaini tu. Kwenye kazi ya mama aliandika: Fundi cherehani. Maneno hayo yamekatwa na mstari, na juu yake, kwa mwandiko wangu, pameandikwa: Hana.

Mstari wenyewe niliupiga kwa rula.

"Kosa liko wapi, mama?" katibu akauliza, kalamu tayari.

Nikamwonyesha kwa kidole. "Mtoto aliandika sawa," nikamwambia. "Aliyekosea ni mimi."